Majaribio Yaende Kama Yalivyoandikwa

Nimestaafu mwezi uliopita. Jovina, ambaye sasa anakalia kiti changu, ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya vijana wa kitengo cha programu. Anataka nieleze kwa nini majaribio ya mfumo wetu wa ushauri yanaendeshwa kuanzia mstari wa juu wa faili hadi wa chini, kama yalivyoandikwa, wakati ofisi nyingine siku hizi zinayachanganya kama karata. Nadhani alitumaini kwamba nikishakaa nyumbani Kiruruma, miguu juu ya kigoda, nitakuwa nimelegeza kamba. Sijalegeza. Anayetaka maungamo atafute kwingine.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipata vichache, na kila kimoja kiliniongezea vikao.

Nilianza kama mwalimu wa hisabati, ndiyo maana hadi leo wilaya mbili nzima zinaniita Mwalimu Adventina ingawa darasani nilikaa muda mfupi tu. Baba alikuwa mfanyabiashara kutoka Muleba aliyehamia Kayanga. Nyumbani tulisema Kihaya, na Kinyambo nilikiokota kwa majirani. Shirika la wakulima lililokuwa linatoa ushauri wa migomba, kahawa na mifugo lilipotangaza kwamba linatafuta mtu anayejua kompyuta na asiyeogopa tope, niliomba. Enzi hizo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, kwa hiyo tope lilikuwa la wilaya moja tu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bwana Kamugisha. Alikuwa amefundisha mantiki seminari, kisha akaacha, akaoa, akajifunza kompyuta, kwa mpangilio huohuo. Yeye ndiye aliyeandika kanuni za kwanza za mfumo, kwa lugha ya Prolog. Nilikuwa nimeisoma kidogo chuoni na kuisahau. Kamugisha akanieleza upya kwa kutumia ng'ombe. Katika lugha hii, alisema, huiamrishi mashine hatua moja baada ya nyingine. Unaandika kanuni, kisha unauliza swali. Ng'ombe ana homa, tezi chini ya sikio zimevimba, ana kupe: basi ni ndigana. Mashine huanza na kanuni iliyo juu kabisa. Ikishindwa inashuka kwenye inayofuata, kisha inayofuata, mpaka ipate jibu au iishiwe kanuni.

Baada ya hapo alinipa rundo la karatasi zilizotoka kwenye printa ile ya kelele, iliyokuwa ikifanya kazi umeme ulipotukumbuka, akaniambia nisome kwa sauti tangu mwanzo. Zilikuwa majaribio: maswali madogo ambayo majibu yake tunayajua tayari, tunayouuliza mfumo kila tunapobadilisha kitu, ili tuone kama bado una akili timamu. Swali la kwanza kabisa lilihusu mgomba usio na ugonjwa wowote. Jibu sahihi lilikuwa: mzima, uacheni.

Nikamuuliza kwa nini aanze na mgomba mzima wakati watu wanatupigia kelele za migomba inayokufa.

"Kwa sababu siku mfumo utakaposhindwa kuutambua mgomba mzima," alisema, "sitaki kusikia habari nyingine yoyote kabla ya hiyo."

Majaribio yaliyofuata yalikwenda kama afisa ugani anavyotembea shambani. Kwanza anatazama majani, halafu anakata tunda, halafu shina, halafu anauliza habari za kwa jirani. Kila jaribio lilijitegemea, na hakuna hata moja lililohitaji lingine liwe limetangulia. Lakini yaliendeshwa kwa mpangilio huo, na matokeo yakatoka kwa mpangilio huo. Kitu kikiharibika, unatazama jekundu la kwanza kutoka juu, yaani jaribio la kwanza lililoshindwa. Mara nyingi chanzo ni hilo, na mengine yote yaliyo chini yake ni makelele.

Nilithibitisha hilo mapema. Mtu alibadilisha kiwango cha homa ya ng'ombe kwenye kanuni, na majaribio yakaanguka kwa makundi: ndigana, kimeta, homa ya mapafu, yote. Mwenzangu mmoja alianza kuhangaika na la mwisho, kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki machoni pake kwenye skrini. Kamugisha alipanda hadi juu, akakuta jaribio la ng'ombe mzima anayeambiwa ana homa, akarekebisha tarakimu moja, akaenda kunywa chai. Mwenzangu bado alikuwa anasoma habari za mapafu.

Kamugisha hakuruhusu mtu aandike jaribio la kitu asichowahi kukiona. Kwa hiyo nilipelekwa Kaisho, kwa familia ya wafugaji, nikashike tezi za ng'ombe mgonjwa kwa mikono yangu. Ng'ombe hakufurahi. Nilirudi Kayanga na gauni lisilofaa tena kwenda nalo kanisani, lakini jaribio nililoandika kesho yake bado limo kwenye faili, mahali palepale.

Miaka ilikwenda. Printa ikafa, simu zikaja, na maafisa ugani wakaacha kupanga foleni ofisini kwetu: walijaza walichokiona shambani kwenye simu, mfumo ukawajibu papo hapo. Kamugisha alistaafu, akarudi kwenye kahawa yake, na kitengo kikabaki kwangu. Kisha ukaja mnyauko wa migomba, ule unaotoa usaha wa njano kwenye shina, na kazi yetu ikabadilika. Awali mfumo ukikosea, mkulima alipoteza dawa. Sasa ukikosea anapoteza kibanja, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba, chakula cha kila siku na urithi wa watoto kwa pamoja. Ukisema mzima kumbe ni mnyauko, ugonjwa unahamia kwa majirani bonde zima. Ukisema mnyauko kumbe sivyo, watu wanakuja na mapanga kukata migomba isiyo na kosa.

Wakati huohuo makao makuu, Dar es Salaam, yalipata meneja mpya wa mifumo, Bwana Fadhili. Sitaki mumwone kama mjinga, maana hakuwa mjinga. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliniamkia kila alipopiga simu, na alifanya kazi mpaka macho yakamwiva. Alikuta ofisi za kanda kila moja inaendesha majaribio kwa namna yake, akaandika chombo kimoja cha kuyaendesha kote. Chombo hicho kilikusanya majina ya majaribio, kikayapanga kialfabeti, jina lililojirudia kikalihesabu mara moja, kisha kikaliita kila jina na kuonyesha kijani au nyekundu.

Tulibishana kwenye kikao cha simu huku wenzetu wa kanda nyingine wakisikiliza. Alisema jaribio linalotegemea kutanguliwa na lingine ni jaribio gonjwa. Nikamwambia nakubaliana naye kabisa, na yetu hayategemeani. Akauliza kama ni hivyo mpangilio una faida gani. Nikasema mashine haihitaji mpangilio, anayeuhitaji ni mtu anayesoma matokeo na kuamua aanzie wapi. Akasema hayo ni mazoea. Nikasema kula kwa mkono wa kulia pia ni mazoea. Watu wakacheka, yeye hakucheka, na kikao kikaisha kwa agizo: kila kanda itumie chombo kipya.

Nikatumia chombo kipya. Cha zamani sikukifuta. Niliagizwa kutumia kipya, sikuagizwa kusahau cha zamani, na mtu aliyefundishwa na mwalimu wa mantiki anaijua tofauti hiyo.

Msimu huo makao makuu yenyewe yaliongeza kanuni moja, bila kupitia kwetu, kwa nia njema. Mnyauko ulikuwa unasambaa na walitaka mfumo uchukue tahadhari mapema. Kanuni ilisema: majani yakiwa ya njano, na jirani ana mnyauko, basi ni mnyauko. Wakaiweka juu kabisa ya zote. Chombo kipya kikaendesha majaribio, yote yakawa kijani, na toleo likaenda moja kwa moja kwenye simu za maafisa wa wilaya zote mbili.

Asubuhi moja nikapigiwa simu na Theonest, afisa ugani wetu wa Kamuli. Theonest si mtu wa kupiga simu ovyo. Aliniamkia, nikaitika, kisha akaenda moja kwa moja.

"Niko kwa Mzee Laurian," alisema. "Simu inasema ni mnyauko, tukate kibanja chote. Majirani wameshakuja na mapanga. Lakini mimi sioni usaha, Mwalimu."

Nikamuuliza ni migomba ya aina gani inayougua. Akasema ni kainja peke yake, ile ya pombe, iliyoko chini bondeni. Migomba ya matoke iliyozunguka nyumba ilikuwa mizima kabisa. Nikamwambia asimamishe kazi. Akanikumbusha kwamba meneja alishawaagiza wasibishane na simu.

"Bishana nayo," nikamwambia. "Wakikuuliza, sema mimi ndiye niliyekutuma."

Kisha nikafungua chombo cha zamani na kuendesha majaribio kuanzia juu. Mgomba mzima: kijani. Mgomba wenye kiu: kijani. Jaribio lililofuata lilihusu mgomba wenye majani ya njano kuanzia pembeni, tunda jeupe ndani, shina halina usaha, na jirani ana mnyauko. Jibu sahihi: siyo mnyauko, ni panama, ugonjwa unaoua kainja na kuyaacha matoke. Hilo lilikuwa jekundu.

Niliwasha chombo kipya. Kijani kote. Nikatazama faili, nikaelewa. Tulikuwa tumeyapa majaribio yote ya eneo hilo jina moja: mnyauko. Chombo cha zamani kilichukua kila jaribio kivyake, moja baada ya jingine. Chombo kipya kililiita jina. Na lugha hii, kama nilivyofundishwa siku ya kwanza kwa mfano wa ng'ombe, ikishindwa na la juu inashuka kwenye linalofuata. Jaribio la panama lilishindwa, mashine ikashuka kwenye jaribio la mgomba wenye usaha, hilo likafaulu, na jina zima likapakwa kijani. Hakuna aliyedanganya. Jekundu lilikuwapo, ila limefunikwa na mwenzake.

Nikampigia Fadhili. Nilimweleza hayo yote, akanisikiliza, kisha akasema anachokiona yeye ni kijani, na kwamba tukisimamisha ukataji kwa hisia za mtu mmoja tutaueneza mnyauko bonde zima. Hilo lilikuwa kweli kwa upande wake, maana vibanja vingi vilikuwa vimeshateketea kwa sababu mtu fulani alisubiri. Nikamwomba ruhusa ya kuwasimamisha maafisa wote mpaka tuhakikishe. Akakataa. Nikaomba tena. Tulivutana muda mrefu, nikiwa nimesimama dirishani na simu inanichoma sikio, na mwishowe akaniambia waziwazi kwamba nikiingilia kazi ya maafisa nitakuwa nimekiuka agizo. Nikamwambia basi aandike kwamba nimelikiuka, na asisahau herufi moja ya jina langu. Nikachukua gari la ofisi.

Kutoka Kayanga hadi Omurushaka ni lami na unaweza kufikiri. Baada ya hapo mvua ya usiku ilikuwa imefanya kazi yake, na nilifikiri jambo moja tu: kama nimekosea, ugonjwa utakaotoka Kamuli utakuwa na jina langu.

Nilipofika, majirani walikuwa wamekaa kando ya njia na mapanga mapajani, wamekasirika kwa kuachishwa shughuli zao. Chini bondeni kainja kadhaa zilikuwa zimeshalala. Matoke yalikuwa yamesimama, na katikati yake, mikono kiunoni, alisimama Bi. Yudita, mke wa Mzee Laurian. Theonest alininong'oneza kwamba yule mama alikuwa amekataa kutoka hapo tangu simu iliposomwa.

Nikamwamkia, kwa sababu alikuwa amenizidi umri. Aliitikia kwa kichwa tu.

"Wewe ndiye uliyeiandika hiyo simu?" akauliza.

Nikasema ndiyo, sehemu yake.

"Basi iambie mbele yangu kwamba ebitoke vyangu haviumwi."

Nikamwambia siwezi kusema migomba yake ya matoke ni mizima kabla ya kuona. Theonest akakata mkungu wa kainja iliyougua, akapasua ndizi moja baada ya nyingine: nyeupe, safi. Akakata shina lake, tukainama tukalitazama. Mnyauko wenyewe haufichiki hapo. Ukisubiri kidogo, usaha wa njano unajitokeza kwenye jeraha. Tukasubiri. Majirani nao wakaja kusimama nyuma yetu. Hakuna kilichotoka. Ndani ya shina kulikuwa na mistari ya rangi ya kutu, ile inayoachwa na panama. Theonest akakata shina la pili, upande wa mbali, ili asije akasema mtu kwamba tulichagua. Ikawa vilevile.

Nikamweleza Mzee Laurian, aliyekuwa akimtazama mkewe muda wote, kwamba kainja zilizougua zing'olewe na zisipandwe tena hapo, na matoke yaachwe. Akauliza kama simu nayo inasema hivyo. Nikamjibu kwamba simu itasema hivyo jioni.

Bi. Yudita hakunishukuru, na sikuona kwa nini anishukuru. Alifanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya kwenye vikao vyetu vyote. Aliuliza ni nyumba ngapi nyingine zimepata ujumbe kama wa kwake.

Nikapanda mlimani nyuma ya nyumba, kwenye mtandao, nikampigia kila afisa ugani wa Karagwe na Kyerwa niliyekuwa na namba yake. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Niliwaambia wote maneno yaleyale: pasipo na usaha, pasikatwe. Wengi walikuwa hawajaanza. Wengine nilisikia mapanga nyuma ya sauti zao, wakayasimamisha. Wawili wakaniambia walimaliza tangu saa nne. Vibanja hivyo viwili nilivitembelea baadaye. Mgomba ukikatwa, mwenye nyumba anakaa mwaka na zaidi akinunua chakula alichozoea kukitoa mlangoni kwake. Sina cha kuongeza hapo, isipokuwa kwamba ndani ya mashina yale, nilipoyachunguza, kulikuwa na rangi ya kutu.

Fadhili alipopata habari ya mashina ya Kamuli, aliishusha ile kanuni kutoka juu kabla ya jioni. Pia alinipa onyo la maandishi kwa kuwaelekeza maafisa waupuuze mfumo bila kibali. Mambo yote mawili aliyafanya siku moja, na nakiri nilimheshimu kidogo kwa hilo.

Wiki iliyofuata alikuja Kayanga mwenyewe. Alisema kosa halikuwa alfabeti, lilikuwa majaribio mengi kupewa jina moja. Alikuwa sahihi, na niliyapa majaribio yote majina tofauti kabla hajamaliza chai. Kisha akasema kwamba kwa kuwa hilo limetatuliwa, sasa turudi kwenye alfabeti. Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba mimi niliona tatizo ndani ya muda wa kuchemsha maji, kwa sababu lilikuwa la tatu kutoka juu, baada ya mzima na mwenye kiu, pale ambapo mtu mwenye akili angelitafuta. Kialfabeti lingekaa katikati ya ng'ombe na kahawa. Akasema viwango vya shirika ni viwango. Nikasema anayependa alfabeti kiasi hicho asome kamusi, na kama anataka kitengo hiki kiende hivyo, atafute wa kukiongoza, na mahali pa kwanza pa kumpeleka mtu huyo kujitambulisha pawe kwa Bi. Yudita.

Hakutafuta mtu. Mwishowe alikibadilisha chombo chake, kikafuata faili kwa kanda yetu, na miaka miwili baadaye kanda nyingine mbili zikaomba vilevile. Kwa hiyo Jovina, ukiambiwa kwamba mpangilio huu ni ukaidi wa bibi mmoja wa Kiruruma, kubali. Ni ukaidi. Usiuguse.

Kwenye sherehe ya kuniaga Fadhili alikuja tena, sasa akiwa na cheo kikubwa na mvi mbili tatu. Baada ya pilau na hotuba alinivuta pembeni. Akasema lile onyo bado limo kwenye jalada langu, na asingependa niondoke nalo. Niandike tu mstari mmoja kwamba siku ile nilitenda kwa haraka, naye ataliondoa kesho yake. Aliyasema kwa upole, na najua alimaanisha wema.

Nikamwambia aliache.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka yote.

"Mwalimu, ungerudishwa asubuhi ile, hakuna kabisa ambacho ungefanya tofauti?"

"Kipo," nikamwambia. "Nisingekupigia wewe kwanza."